Kantini ya nyuma ya hosteli ya wadada: hotpoti ya rehani, maharage ya presha na maji ya kujaza, nimekula hapa muhula mzima

Nyota nne kati ya tano, naziweka juu kabisa ili mwenye haraka aende zake. Ila kama we ni mwanafunzi unayekula nje ya chumba kila siku, au unafanya kazi chuoni na una sauti pale wanapopangisha kantini, naomba ushuke na mimi mpaka chini maana hili jambo limenigusa kweli na nimelifuatilia muhula mzima.

Niko mwaka wa tatu, chuo kimoja cha hapa Dar upande huu wa kwenda Changanyikeni. Jina la chuo naliacha na la kantini naliacha pia, kwa sababu kuna malalamiko huko mbele na sitaki mtu aandamwe. Wanaosoma hapa wataijua tu, ni ile yenye mwembe mbele na mabenchi ya bluu.

Mwaka jana nilikuwa kwenye serikali ya wanafunzi, wizara ya afya na mazingira. Tulifanya yote mnayoyajua: bango, tisheti za kijani, Jumamosi ya usafi, na tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tukapanda miche karibu na uwanja wa mpira, mgeni rasmi akaja, picha zikapigwa. Miche mingi ilikauka, kwa sababu mwezi wa sita hapa Dar masika yanakuwa yameshaisha na hakuna mtu tuliyempangia zamu ya kumwagilia. Na wiki hiyo hiyo mapipa ya hosteli yalikuwa yamefurika yale maboksi meupe ya sponji ya kubebea chakula, yani mpaka yanamwagika chini, kunguru wanayaburuza, mabaki ya wali yametapakaa mpaka mlangoni. Nilisimama pale nikaumia sana. Kuwalaumu wenzangu nilishindwa, maana hata mimi kila jioni nilikuwa natoka na boksi langu, ningebebea kwenye nini na kantini hakukuwa na kingine?

Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na ukipita mtaani tofauti unaiona kabisa, watu wakazoea vikapu na ile mifuko ya kitambaa. Lakini marufuku ile ilikuwa ya mifuko ya kubebea, boksi la sponji likabaki linadunda. Na boksi hili waokota chupa hawaligusi maana halina soko, chupa ya maji wanaibeba, boksi wanaliacha. Kwaiyo safari zake kubwa ni mbili, ama lipakiwe na gari la taka mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi likae huko miaka na miaka bila kuoza, ama upepo na mvua vilitie mtaroni, na mitaro ya huku kwetu mingi inashuka mto Mlalakuwa, na Mlalakuwa unaishia baharini. Njia ya tatu ipo ila inaniuma kuiandika, nitaisema mbele.

Sasa Oktoba tunarudi chuo nakuta kantini imebadilika. Kwenye dirisha kuna karatasi imeandikwa kwa kalamu ya maka: kula hapa sahani bure, kubeba ni hotpoti ya rehani 5,000, ukija na chombo chako unapunguziwa 200, maboksi hatuna tena. Watu walinuna siku ya kwanza, foleni nzima inanung'unika, mkaka mmoja akaondoka kabisa akaenda kula ng'ambo ya barabara.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unatoa 5,000 mara moja tu, unapewa hotpoti ya bati zito, ile ya vyumba viwili, juu mboga chini wali au ugali, na kitakoni imechongwa namba. Unaenda kula chumbani. Kesho yake unairudisha hata kama hujaiosha vizuri, ila mabaki uwe umemwaga, wanakupa nyingine safi yenye chakula, na namba mpya wanaiandika kwenye daftari mbele ya jina lako. Mwisho wa muhula unarudisha ya mwisho unapewa 5,000 yako. Basi. Hakuna programu ya simu, hakuna kujisajili mtandaoni, daftari la kaunta na bik.

Hesabu yangu mimi: boksi la sponji zamani walikuwa wanakata 300. Mi nabeba chakula siku tano kwa wiki, muhula wiki 15, hiyo ni 22,500 iliyokuwa inaenda kwenye kitu nilichokuwa nakishika nusu saa halafu nakitupa. Hela hiyo kwa mtu anayesubiri bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, siyo ndogo hata kidogo. Kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza ambao wiki za mwanzo bumu linakuwa bado halijaingia, 5,000 ya mkupuo ilikuwa mzigo, nikaenda kumwambia mama mwenye kantini, akakubali wao walipe mara mbili, 2,500 halafu 2,500. Hapo nilimheshimu sana.

Na chakula kinafika moto. Hili watu hawalisemi lakini ndo limefanya kazi kuliko bango lolote tulilowahi kuweka. Boksi la sponji ukitoka nalo kantini mpaka ghorofa ya nne wali umeshatoa jasho, umelowa, mchuzi umevujia kwenye daftari. Hotpoti unaweza kuiacha ukaenda kuoga ukarudi unakuta nyama ina mvuke. Rumeti wangu, ambaye mazingira hajawahi kuyazungumzia tangu nimfahamu, alianza kubeba hotpoti kwa ajili ya hilo moja tu, na tangu Novemba sijaona boksi kwenye chumba chetu.

Nihamie jikoni sasa, maana huku ndo kuna mambo.

Jikoni nilikaribishwa mwenyewe, nilimwamkia mama shikamoo nikamwambia nataka kujua maharage yake siku hizi anayapikaje, maana yamekuwa laini halafu rojo zito na ile harufu ya moshi haipo tena. Akacheka akasema ingia mwanangu uone. Kuna masufuria mawili makubwa ya presha ya umeme, yale ya lita 40, yamekaa pembeni ya dirisha kimya kabisa. Majiko ya gesi yako matatu na mitungi ya kilo 38 iko nje kwenye kibanda cha wavu. Pale yalipokuwa yanakaa majiko ya mkaa ukuta bado ni mweusi tii mpaka darini.

Nilimuuliza kilichomfanya abadilishe. Nilitegemea ataniambia habari za misitu. Akanijibu hivi: "Mwanangu, mi mazingira nimeyajulia humu kwenye daftari." Akanifungulia kweli daftari lake la matumizi. Chuo kilikuwa kimewaandikia wapangaji wote wa kantini barua, kwa sababu ya lile agizo la serikali kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mwisho wake ulikuwa Januari 2024. Anasema alipoipata barua alilia, aliona biashara imekwisha. Halafu kijana wake akamkalisha wakapiga hesabu. Maharage kilo nane kwenye sufuria la presha yanakula unit tatu hivi za LUKU, yani umeme wa kulipia kabla, unit kwa bei yake inacheza kwenye shilingi 350 na kidogo, kwaiyo ni elfu moja na ushee. Maharage hayo hayo kwenye mkaa yalikuwa yanameza karibu debe zima na dada mmoja anakaa nayo masaa matatu anachochea na kuongeza maji. Sa hivi yanalowekwa usiku, asubuhi yanaingia kwenye presha, ndani ya saa moja yameiva na huyo dada anakata kachumbari.

Kwa wasiojua kwa nini presha inawahi: kwenye sufuria la kawaida maji yakishachemka hayapandi tena juu ya nyuzi 100 hata uweke moto wa namna gani, moto wote wa ziada unaondoka na mvuke. Ukiufungia mvuke ndani, maji yanafika 115 mpaka 120, maharage hayana ujanja. Na lile sufuria limefunikwa kwa nje, joto halipotei, ndo maana likishapata presha umeme linavuta kidogo kidogo tu.

Na msidhani mkaa ni habari ya mbali. Dar ndo mlaji mkubwa wa mkaa nchi hii, unatoka Kisarawe, Rufiji, Kilwa, Morogoro, na anayetaka kuona deni lake aende misitu ya Pugu na Kazimzumbwi hapo Kisarawe, siyo mbali, aangalie palivyokatwa. Halafu sisi vyuoni tunakaa darasani tunasoma mabadiliko ya tabianchi saa nne, saa saba tunaenda kula ugali uliopikwa kwa mti wa Kisarawe. Serikali ina mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, 2024 mpaka 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mi naona vyuo ndo pa kuanzia, kwa sababu kantini moja inalisha watu mia kadhaa kwa siku, ukiibadilisha hiyo moja ni kama umebadilisha jiko la mtaa mzima kwa mpigo.

Sitaki kudanganya lakini. Gesi ya mtungi nayo inaletwa na meli kutoka nje na bado ni mafuta ya ardhini, ni nafuu kwa mapafu ya wapishi na kwa misitu, ila siyo safi kwa asilimia zote. Umeme wa gridi ni mchanganyiko, upo wa maji na upo wa gesi asilia, ingawa tangu bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115, liingie kazini, upande wa maji umepanda sana. Na bado hapa kantini kuna jiko moja la mkaa, la mishkaki ya jioni, mama amesema hilo hatoi maana wateja wa mishkaki wanataka ile ladha. Nimelielewa. Jiko moja la saa mbili jioni siyo sawa na matano ya kutwa nzima.

Wadada wa jikoni ndo wamenifurahisha kuliko yote. Yule anayesonga ugali, ambaye mwaka wangu wa kwanza alikuwa na macho mekundu muda wote tukadhani ni mkali, kumbe ilikuwa ni moshi. Sa hivi anaongea, anacheka, anakuuliza mtihani ulikuwaje.

Sahani na mabaki. Hii sehemu ilinishangaza maana sikuitegemea. Zamani sahani ilikuwa moja, kilima cha wali, bei moja, wengi hasa wadada tulikuwa tunaacha nusu. Sasa kuna sahani nzima ya wali maharage 2,200 na kuna nusu 1,300, na ukila nzima ukaona hujashiba unarudi na sahani yako unaongezwa wali mara moja bure. Mwanzoni nikasema huyu mama atafilisika, watu watarudi wote. Hawarudi. Mtu akijua anaweza kuongezewa anachukua kidogo, akimaliza anakuta ameshiba. Niliwahi kusoma kwamba vyuo vingi vya Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, viliondoa trei kwenye kumbi zao za chakula, mtu anabeba sahani mkononi tu, na chakula kinachotupwa kikapungua pamoja na maji ya kuoshea hizo trei. Kanuni ni ile ile, usimpakulie mtu zaidi ya anachoweza kubeba.

Yanayobaki yanaingia kwenye ndoo. Ndoo ya njano mabaki ya chakula, anakuja mfugaji wa nguruwe na guta kila jioni. Ndoo ya kijani maganda, ya ndizi, viazi, vitunguu, hayo yanaenda kwenye shimo la mboji la bustani ya chuo. Ndoo nyeusi ndo taka zenyewe. Wiki za kwanza ilikuwa vurugu, watu wanatupa vijiti vya meno na tishu kwenye ya njano, yule mfugaji akagoma siku mbili kuchukua, harufu ikatuua wote. Mama akamweka kijana mmoja asimame hapo saa saba mpaka saa tisa, hasemi mengi, anakuonyesha tu kwa kidole, wiki mbili baadaye watu wakazoea na kijana akarudi jikoni. Na hili la kutenganisha siyo la unadhifu tu jamani. Chakula kikifukiwa dampo kinaoza bila hewa kinatoa methani, na methani kwa miaka 100 inapasha joto dunia kama mara 28 ya kaboni dayoksaidi kwa uzito ule ule. Wali ule ule ukiliwa na nguruwe ni nyama.

Kuna mwalimu mmoja idara yetu anataka wajaribu funza wa wale nzi wanaoitwa black soldier fly, wale wanaokula mabaki wiki mbili hivi halafu wenyewe wanakuwa chakula cha kuku na samaki. Sijui kama wataruhusiwa karibu na hosteli, ila mi nikiambiwa nijitolee nakuja.

Maji ya kujaza. Bomba lipo ukutani nje, lina machujio matatu na taa, nusu lita kwa shilingi 100, lita moja kwa 200, unajaza kwenye chupa yako. Chupa ya dukani ya nusu lita hapo hapo ni 500. Kwenye hili nilisita mwezi mzima na naomba nisihukumiwe, mji huu kipindupindu tunakijua, mtu hawezi kukuambia tu kunywa maji safi ukanywa. Kilichonibadilisha ni kadi iliyotundikwa pale, wanaandika tarehe waliyobadilisha chujio na anayebadilisha anasaini. Mi naenda naisoma kila nikijaza. Desemba ikapita tarehe siku sita, nikamwambia mama, kesho yake fundi alikuwa pale. Tangu hapo nakunywa bila wasiwasi na tumbo langu liko salama. Kama vyuo vingine vinataka kuweka maji ya kujaza nawaomba wasiweke bomba zuri la kung'aa bila hiyo kadi, watu hawatakunywa, wataendelea kununua chupa na watakuwa na haki.

Sasa malalamiko, na yapo ya kutosha kuondoa nyota moja.

La kwanza lilinikuta mimi. Mwezi ule wa mwanzo wa hotpoti walikuwa wanatoa vikadi vya karatasi badala ya daftari, kikadi changu kikafuliwa kwenye suruali, nilivyokwenda kudai 5,000 dada wa kaunta akakataa kabisa, eti bila kikadi hanijui, na mi nakula pale kila siku ya Mungu. Niliondoka na machozi. Kikadi kilikuwa cha kijinga, kila mtu alikipoteza, na walipokuja kuhamia kwenye daftari hela yangu ya mwanzo haikurudi, nikalipa upya. Nimeshawasamehe ila nimeandika ili mwingine anayeanzisha huduma kama hii asianze na vikadi.

La pili, foleni ya kurudisha. Dirisha la vyombo ni moja, saa moja usiku baada ya vipindi unakuta watu thelathini, na mchana saa tisa mpaka kumi na moja wanalifunga. Matokeo yake watu wanalaza hotpoti vyumbani siku tatu nne, zinapungua, ukifika saa mbili usiku unaambiwa zimeisha kula hapa hapa. Waongeze dirisha au waweke kreti nje mtu atumbukize aondoke, namba si ipo kitakoni.

La tatu, mpira wa mfuniko. Bati linaosheka, mpira unashika harufu. Nimeshafungua pilau ikanukia dagaa. Wanaziosha vizuri, nimeangalia, beseni la kusugua, la sabuni, la maji moto ya kusuuzia, lakini mpira unatakiwa utolewe na kulowekwa peke yake na hilo hawalifanyi kila siku. Na hapa kuna swali la maji pia, kuosha kunakula maji. Waliokuwepo Dar Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua mnakumbuka mgao ulivyotutesa, mgao kama ule ukirudi hii kantini itaosheaje hotpoti mia tatu? Paa la kantini ni kubwa, la bati, na halina hata mfereji mmoja wa kukingia mvua. Simtank moja na mifereji ingeokoa mengi masika yote.

La nne, juisi. Chakula wameacha boksi, lakini juisi ya miwa na ya embe bado wanatoa kwenye glasi za plastiki za kutupa na mrija juu. Nimewaambia mara tatu. Wanasema glasi za kioo zinavunjwa. Vikombe vya bati vipo Kariakoo tele, mama yangu, nitakusindikiza mimi mwenyewe.

Na la tano siyo la kantini. Ni la chuo na limenikera mpaka nashindwa kulala siku nyingine. Nyuma ya hosteli kuna shimo, na jioni gari la taka lisipokuja wanachoma. Ile ndo njia ya tatu niliyoisema. Sponji, chupa, foili, pedi, vyote kwa pamoja, moshi mweusi unapanda moja kwa moja kwenye madirisha ya wadada, mwenzangu mwenye pumu analala chumba cha jirani na huko. Tangu kantini ibadilike moshi umepungua, hilo naliona kwa macho, lakini maboksi bado yanaingia kwa mlango mwingine, bodaboda wanaleta chipsi kuku kutoka ng'ambo ya barabara kila usiku kwenye sponji ile ile. Mama amejitahidi upande wake halafu getini hakuna anayeuliza.

Ndo maana nilisema mwanzo naomba wenye sauti wasome. Kantini za vyuo hazijiamulii zenyewe, zinapangishwa, kuna tenda, kuna mkataba, kuna vipengele vya usafi na saa za kufungua na kodi. Humo humo ndo pa kuandika: hakuna sponji, chombo cha rehani kipo, nusu sahani ipo, mabaki yanatenganishwa. Na chuo kwa upande wake kiandike kitakachotoa, laini ya umeme inayobeba masufuria ya presha (mama aliunguza soketi mbili kabla hawajamvutia waya mpya, na gharama ilikuwa yake), maji ya uhakika, na gari la taka linalokuja siku lililoahidiwa. Mkataba ukiisha mama akaondoka, mpangaji mpya anaweza kuja na maboksi yake Jumatatu asubuhi na hakuna hata mstari mmoja wa kumzuia. Hilo ndo linanitisha. Mwaka mzima nilikuwa na cheo cha mazingira na sikuwahi hata siku moja kuomba kuuona huo mkataba, nilikuwa naomba bajeti ya tisheti. Aliyechukua wizara baada yangu nimeshamwandikia, ameniahidi atauomba kwenye kikao cha mwezi wa tatu, na nimemwambia nitaenda naye.

Bei na mengine kwa ufupi. Wali maharage ilikuwa 2,000 ikapanda 200 Januari, mama anasema ni mchele siyo hotpoti na kwa bei ya mchele ya sa hivi namwamini. Wali nyama 3,000, ugali dagaa 2,500, chapati 500, chai 500 kwenye kikombe cha bati. Ng'ambo ya barabara utapata wali maharage kwa 1,500 pamoja na boksi, kwaiyo kama 1,500 ndo hela uliyonayo leo nenda tu kale, hakuna wa kukusema, ila njoo uulize nusu sahani hapa ni 1,300 na kijiko cha kuongezewa kinaweza kukufaa, muulize dada vizuri maana sheria ya kuongezewa kwa nusu sahani inabadilika kulingana na nani yuko zamu. Maharage yaombeni ya saa tano, ndo yanatoka kwenye presha. Makande ni Jumatano na Ijumaa, yanaisha kabla ya saa saba.

Wanafungua saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku, Jumapili wanafunga. Mwenye hotpoti namba 114 hajairudisha tangu wiki ya mitihani, ipo kwangu juu ya kabati, kesho saa mbili asubuhi kabla foleni haijaanza naipeleka.